Nyimbo za Kapkatet na Daftari la Hugh Tracey

Muhula uliopita nilialikwa na shule moja ya upili hapa Nakuru niwazungumzie wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya fasihi simulizi. Kabla sijaingia darasani nilikaribishwa chai katika chumba cha walimu, na humo nikawakuta walimu wawili katikati ya ubishi mkali. Redio iliyokuwa dirishani ilikuwa imetoka kupiga "Sina Makosa", na swali lilikuwa hili: wimbo ule ni wa Simba Wanyika au ni wa Les Wanyika? Mwalimu wa hesabu, mzee anayekaribia kustaafu, aliapa kwamba ni wa Simba Wanyika, na kwamba kaka yake mkubwa aliinunua sahani hiyo mwaka 1975, mwaka ule ule aliouawa J. M. Kariuki. Mwalimu wa Kiswahili, mwanamke aliyezaliwa miaka mingi baada ya wimbo wenyewe kutoka, alishikilia kwamba ni wa Les Wanyika. Walipochoka wakanigeukia mimi. "Haya, Daktari, tuamue."

Niliwaambia nilichokijua. Simba Wanyika ilianzishwa na ndugu wawili wenye asili ya Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walioingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitoa, na hapo ikazaliwa Les Wanyika. "Sina Makosa" ni wimbo wa kundi hilo jipya, ambalo mpiga gita Omar Shabani na mwimbaji John Ngereza walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Haiwezekani, basi, kwamba mtu aliununua mwaka 1975. Mwalimu wa Kiswahili alitabasamu kwa ushindi. Mzee hakuridhika. Aliweka kikombe chini taratibu akaniuliza: "Mwalimu, hayo umeyatoa wapi? Yameandikwa katika kitabu gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Lilikuwa swali la mwanahesabu, na lilikuwa la haki. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafunza wengine namna ya kuthibitisha wanayoyasema, nilikuwa nimetoa hukumu kwa kutegemea kumbukumbu, mazungumzo na vipande vya magazeti. Jibu nilikuwa nalo, lakini sikuwa na kitabu cha kukifungua mbele yake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka wa Top Market hana haja ya kufafanuliwa methali hiyo. Kila jioni huandika kilichoingia, kilichotoka na jina la aliyekopa. Sisi walimu nasi tunayo madaftari ya mahudhurio na ya alama, na ole wake mwalimu anayeyapoteza. Lakini katika jambo la nyimbo, ambazo zimekibeba Kiswahili hadi pembe ambazo hakuna kitabu cha sarufi kilichowahi kufika, twaridhika na "nadhani" na "nilisikia". Ubishi juu ya nani hasa aliyeutunga wimbo "Malaika" umedumu kwa miongo kadhaa, kati ya wanaomtaja Fadhili William, wanaomtaja Grant Charo na wanaomtaja Adam Salim, na kila upande unao mashahidi wake wa kukumbuka.

Wenzetu wa Uingereza waliliona jambo hili. Mwaka 1988 mtafiti Mark Lewisohn alichapisha kitabu kiitwacho The Complete Beatles Recording Sessions. Si kitabu cha fununu juu ya maisha ya wanamuziki wale wanne. Ni shajara ya kazi yao: siku baada ya siku, tangu 1962 hadi 1970, kinaeleza waliingia studio lini, wakarekodi wimbo gani, wakaurudia mara ngapi, na nani alikuwa kwenye mitambo. Humo twajifunza kwamba tarehe 11 Februari 1963 walirekodi nyimbo kumi za sahani yao kubwa ya kwanza katika siku moja tu, na kwamba wimbo uliohitaji kupaaza sauti kuliko zote uliachwa mwisho kwa sababu John Lennon alikuwa na mafua, na koo lake lisingestahimili kuendelea baada ya hapo. Nilikisoma kitabu hicho kwa wivu.

Msomaji ataniambia kwamba Beatles walikuwa na kampuni tajiri iliyohifadhi kila kanda na kila karatasi, ilhali bendi zetu aghalabu ziliingia studio asubuhi, zikalipwa mchana, na karatasi zikafungiwa njugu jioni. Ni kweli. Lakini si kweli kwamba hatuna chochote. Kipo kitabu kimoja cha marejeo kinachotuhusu sisi wa Bonde la Ufa, kilichoandikwa wakati wengi wetu hatujazaliwa au tungali watoto, nacho ndicho ninachotaka kukipendekeza kwa kila mwalimu wa lugha na kila mwanafunzi anayeandaa tasnifu.

Kinaitwa Catalogue of the Sound of Africa Series. Kina juzuu mbili, na kilitolewa mwaka 1973 huko Afrika Kusini na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo wengi huijua kwa ufupisho wa ILAM. Mtungaji wake, Hugh Tracey, alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903. Alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, akiwa kijana ili amsaidie kaka yake katika shamba la tumbaku, na huko akavutwa na nyimbo za wafanyakazi wa shambani. Tangu hapo hakutulia. Alizunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, akaianzisha maktaba hiyo mwaka 1954, na sehemu ya matunda ya safari zake ikatolewa katika sahani kubwa 210. Kitabu ninachokizungumzia ndicho daftari la sahani hizo zote.

Kwa kila wimbo utapata jina lake, lugha, mahali uliponaswa, mwaka, jina la mwimbaji au la kiongozi wa kundi, ala zilizotumika, na maelezo mafupi juu ya maudhui. Aghalabu ni mistari michache tu. Asiyezoea vitabu vya aina hii atauona ukurasa mkavu kama kitabu cha nambari za simu. Nami nakiri kwamba si kitabu cha kusomwa kitandani. Ni kitabu cha kukaa mezani kando ya kamusi, na kama kamusi, utamu wake huja pale unapokifungua ukiwa na swali.

Fungua, kwa mfano, kurasa za Wakipsigis. Mwaka 1950 Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya majani chai karibu na Litein, safari ya saa chache kwa matatu kutoka hapa Nakuru. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa huko zimo kadhaa zenye jina moja, "Chemirocha". Mojawapo inaimbwa na wanaume. Nyingine, ambayo ndiyo iliyozunguka dunia, inaimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, sauti zao nyembamba zikielea juu ya kinubi kiitwacho chepkong, kana kwamba zatoka ng'ambo ya kilima.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani kutoka Mississippi, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za wageni, na sauti yake, iliyokuwa na mazoea ya kuruka ghafla kutoka nene hadi nyembamba, haikusahaulika. Wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakiliimba jina lake mbele ya kinasa sauti, mwenye jina alikuwa amekwisha kukaa kaburini miaka kumi na saba.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni lahaja yake mojawapo, hakitofautishi maana za maneno kwa vipasuo ghuna na visivyo ghuna, kama Kiswahili kinavyotofautisha "pata" na "bata". Kwa hiyo sauti ya mwanzo ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers, ambazo kwa Kiingereza zote ni ghuna, zimeangukia pamoja katika ch. Konsonanti ya mwisho imedondoka, silabi zote zikabaki wazi, na majina mawili ya mtu yakawa neno moja la mizani minne. Tazama pia mwanzo wa neno. Mtoto wa Kikalenjin amezoea majina kama Chemutai, Chepkemoi na Cheruiyot. Akisikia "Chemi" hasikii mgeni, asikia jirani. Ndiyo kazi ile ile waliyoifanya wasemaji wa Kiswahili walipolipokea neno la Kiarabu kitab, wakaidhania silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata kitabu na vitabu. Na si zamani sana madereva wetu wametupatia kiplefti na viplefti kutokana na maneno mawili ya Kiingereza ya kumwamuru mtu ashike kushoto.

Kwa miaka mingi nilifundisha utohozi kwa mifano ya shati na baiskeli, na kwa miaka mingi nikawaona wanafunzi wa safu ya nyuma wakisinzia. Siku nilipowapigia "Chemirocha" hakuna aliyesinzia. Mfano ule walikuwa wakiusikia ukitoka katika vinywa vya watu, mahali panapojulikana, katika mwaka unaojulikana. Na mwaka wenyewe si pambo. Bila ya daftari, mtafiti angeweza kuuweka wimbo ule 1935 au 1965, na kila hesabu ambayo angeifanya baadaye juu ya maneno ya kigeni katika Kikalenjin ingekuwa imejengwa juu ya mchanga.

Sikipendekezi kitabu hiki kama msahafu. Tracey alikuwa mpita njia, aliyekuwa akinasa nyimbo hapa leo na kesho kwa jamii nyingine yenye lugha nyingine, na mpita njia husikia kwa masikio aliyokuja nayo. Maelezo yake juu ya wimbo wa wasichana yanasema kwamba Chemirocha amegeuzwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama mwenye miguu ya swala, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze kwa kuruka mpaka nguo zimtoke. Kisha anamfananisha na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale. Hapo ndipo nami huinua mkono kama mwanafunzi. Pan alikuwa katika kichwa cha Mwingereza aliyelelewa kwa hadithi za Wagiriki. Sidhani kwamba alikuwa katika kichwa cha Chemutoi Ketienya. Wakalenjin wanaye chemosit, zimwi la hadithi za usiku, ambaye A. C. Hollis alimweleza katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909 kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa kinachong'aa gizani. Masikio yangu huniambia kwamba Chemirocha na chemosit hawakukosa kuamkiana njiani: silabi za mwanzo zafanana, na ule unusu mtu wafanana. Hiyo ni dhana yangu mwenyewe, na mzaliwa wa Kapkatet au Litein anayeona nimepotoka ana ruhusa kamili ya kunirudisha barabarani.

Tena kuna tahajia. "Chemutoi" yaelekea ni jina ambalo leo tungeliandika "Chemutai", na ukoo ulioandikwa humo "Mosonick" ni Mosonik kwa maandishi ya sasa. Mwandishi aliyasikia majina kwa sikio la Kiingereza akayaandika kwa kalamu ya Kiingereza. Hayo yote ni makosa ya kusahihishwa, na nimekuwa nikiwatuma wanafunzi wangu wanaotoka Kericho na Bomet wayasahihishe. Lakini angalia vizuri kinachofanyika hapo. Twasahihisha kwa sababu kuna kilichoandikwa.

Kuna jambo jingine ambalo peke yake lingetosha kukipa kitabu hiki nafasi katika maktaba zetu. Tracey alifariki mwaka 1977, na hazina yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, pamoja na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha nyimbo hizo Kapkatet. Wageni hao walifika na sauti zilizonaswa zaidi ya miaka sitini nyuma, wakaulizia majina, na wakawakuta baadhi ya walioimba wangali hai, wazee sasa, wakaketi nao kusikiliza ujana wao.

Wangejuaje pa kwenda? Afrika ni kubwa, Kenya si ndogo, na Wakipsigis ni wengi. Walijua kwa sababu mtu mmoja mwaka 1950 alijisumbua kuandika "Kapkatet", akaandika na nani aliyekuwa akiimba. Ile mistari michache iliyo mikavu kama kitabu cha simu ndiyo iliyokuwa anwani ya barua. Nyimbo ngapi zingine zimelala katika maghala ya redio na ya kampuni, mbovu au nzima, ambazo haziwezi kurudi popote kwa kuwa hazikuandikwa zilitoka wapi? Na siwezi kuficha uchungu ulio katika habari hii njema. Wasomi wa ng'ambo walizijua nyimbo za Kapkatet muda mrefu kabla ya wajukuu wengi wa walioziimba, kwa sababu daftari na sahani vyote vilikaa mbali nao.

Uchungu huo naujua kwa njia nyingine pia. Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyechunguza mabadiliko ya msamiati katika nyimbo za dansi za Kiswahili. Alikuwa hodari na mvumilivu. Alikusanya kanda zaidi ya arobaini, nyingi kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa akinakili nyimbo karibu na kituo cha matatu, akayanukuu maneno kwa uangalifu, akayahesabu, akachora majedwali yaliyonyooka. Mtahini wa nje alimuuliza swali moja tu: wimbo huu umeutia katika muongo wa 1970 kwa ushahidi gani? Mwanafunzi alikwenda kwenye kanda. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, "Zilipendwa 3". Hapakuwa na kingine. Baadaye tuligundua kwamba alichokuwa nacho ni wimbo wa zamani uliorekodiwa upya katika miaka ya 1980, ukiongezwa ubeti mzima, na kwamba maneno mawili aliyoyajengea sura yake ya nne yalikuwa ndani ya ubeti ule.

Alirudi mwanzo, na mwaka mzima ukapotea. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu mimi msimamizi, niliyeona majedwali yamenyooka nikasahau kuuliza yamesimama juu ya nini. Nilipompeleka kwa mmoja wa wanamuziki waliopiga katika bendi ile ili atueleze, tuliambiwa na jirani zake kwamba alikuwa ameaga dunia miezi minne kabla.

Walimu wa shule za upili wasidhani kwamba maradhi haya ni ya vyuo vikuu peke yake. Chukua kitabu chochote cha fasihi simulizi kilicho mezani pako utazame sehemu ya nyimbo. Mara nyingi utakuta "wimbo wa jandoni" au "wimbo wa kazi", basi. Wa jamii gani? Uliimbwa wapi, na nani akimwimbia nani? Aliyeukusanya ni nani, na lini? Kisha twamwambia mtoto, katika karatasi ya fasihi, atambue nafsi neni, hadhira, na shughuli za kiuchumi za jamii husika. Mtoto hana cha kushika. Huokota neno "ng'ombe" katika mstari wa tatu akaandika "ufugaji", nasi twampa alama. Tumemfunza kubahatisha tukaita ubahatishaji huo uchambuzi.

Katika darasa lile la kidato cha tatu nililoalikwa, niliacha hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Nilichora ubaoni kadi kama za Tracey, nikaongeza mistari miwili ambayo naona yeye aliipunja: wimbo uliimbwa kwa haja gani, na aliyekueleza maana yake ni nani. Kisha nikawaomba kila mmoja aijaze kadi moja nyumbani wakati wa likizo. Nakuru ni jiji la watu kutoka kila upande, na darasa lake ni hivyo hivyo. Mmoja alisema atamhoji nyanyake juu ya mwomboko uliochezwa kwa kodiani. Mwingine babake alikuwa na sahani za benga. Msichana mmoja wa kutoka Molo aliuliza kama wimbo wa kumbembeleza mtoto nao unafaa, maana mama yake anao ambao hajausikia kwa mtu mwingine yeyote. Nilimwambia aanze na huo.

Sasa, habari za kukipata kitabu. Juzuu zenyewe ni adimu, na sitarajii shule ya upili izinunue. Lakini maktaba ya chuo inaweza kuziulizia, na ILAM ina orodha ya mikusanyo yake kwenye intaneti, ambako pia nyimbo za Kapkatet zinasikika. Mwalimu mwenye simu anaweza kuanza leo jioni. Aisikilize "Chemirocha" ya wasichana kwanza bila kusoma chochote, aandike anachokisikia, kisha ndipo alete maelezo ya Tracey kando yake. Akifanya kinyume atasikia aliyoyasoma.

Na asitarajie kila kitu. Mwalimu wetu wa hesabu hatawapata Les Wanyika humo hata akipekua usiku kucha, kwa kuwa safari za Tracey hapa kwetu zilikuwa zimekwisha zamani kabla ya bendi hiyo kuzaliwa. Kwa masimulizi ya muziki wa dansi na benga ataona faida katika Shades of Benga, kitabu cha Ketebul Music cha mwaka 2017 kinachosimulia muziki wa Kenya tangu 1946 hadi 2016. Hicho ni kitabu cha historia, nami nakipenda, ila historia na daftari ni kazi mbili. Hapa kwetu kazi ya pili ina pa kuanzia. Kericho palikuwa na studio ya Chandarana, iliyonasa benga ya Kijaluo na nyimbo za Kikalenjin katika sahani ndogo ndogo ambazo hadi leo zimo katika masanduku ya watu kuanzia Londiani hadi Sotik. Kipchamba arap Tapotuk, ambaye sauti yake wengi wetu tulikua nayo, alifariki mwaka 2007. Wanafunzi wawili au watatu wenye subira, kila mmoja na bunda lake la kadi, wangeweza kufanya kwa sahani hizo kile ambacho Tracey alikifanya kwa Kapkatet, na wangekifanya wakiijua lugha.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hadi hapo pale mwalimu wa hesabu aliponipigia simu. Alikuja chuoni Njoro Jumamosi, amebeba sahani moja ndogo ndani ya bahasha ya kaki. Aliikuta nyumbani kwa mama yake, ng'ambo ya Kericho, alipokwenda kutafuta ile ya "Sina Makosa" ili anishinde. Hiyo hakuiona. Hii aliyoileta ni ya Kikipsigis. Kibandiko chake kina jina la mwimbaji na nambari, lakini hakina mwaka. "Tuanzie wapi?" akaniuliza, safari hii kwa upole. Nilimwambia ampigie mama yake. Alitoka nje akazungumza kwa muda mrefu, akarudi akasema mama anakumbuka kwamba aliinunua mwaka aliojifungua kitindamimba wake, naye alizaliwa 1974. Nilimkumbusha habari za kaka yake na J. M. Kariuki, naye akacheka. Tulichukua kadi, tukaandika jina la wimbo, la mwimbaji na nambari, tukaandika "1974, kwa kauli ya mwenye sahani", na kando yake tukatia alama ya kuuliza.